Somo: Kumfunga mteja kwenye seva moja kwa kuki ya HAProxy

Wakuu, salamu kutoka Tanga. Chukulieni mfumo wa kukata tiketi za basi. Abiria yuko stendi ya Kange, ameshachagua kiti kwenye simu, anabonyeza kulipa, mara anaambiwa aingie upya. Programu haina kosa. Seva ziko mbili, mbele yake ipo HAProxy, programu inayozigawia maombi, na PHP kwa kawaida huhifadhi sesheni (kumbukumbu ya nani ameingia na amechagua nini) kwenye faili ndani ya seva ileile iliyopokea ombi. Ombi la kulipa limeangukia seva ya pili, nayo haimjui.

Wengi hukimbilia IP ya mteja, maana `balance source` ni mstari mmoja tu. Kwa wateja wa simu siishauri hata kidogo. Mitandao ya simu huwapitisha watu wengi kwenye IP chache za pamoja, hivyo Ngamiani nzima yaweza kurundikana kwenye seva moja huku nyingine imekaa bure. Tena mtu akitoka kwenye data akaingia Wi-Fi, IP inabadilika na kiti alichochagua kinapotea. Tumieni kuki, alama ndogo ambayo kivinjari cha mteja huitunza na kuirudisha kwa kila ombi.

Hatua ya 1. Fungua `/etc/haproxy/haproxy.cfg`. Lazima iwe `mode http`. Kwenye `mode tcp` HAProxy haisomi kuki. Mkitumia HTTPS, wekeni cheti kwenye HAProxy yenyewe.

Hatua ya 2. Andika:

```
backend tiketi
    mode http
    balance roundrobin
    option redispatch
    cookie SEVA insert indirect nocache httponly
    server web1 10.0.0.11:80 check cookie w1
    server web2 10.0.0.12:80 check cookie w2
```

`insert` huongeza kuki ya HAProxy, `indirect` huizuia isifike kwenye programu yako. `nocache` msiiache: huzuia proksi za njiani kutunza jibu lenye kuki ya mtu na kumpa mwingine.

Hatua ya 3. Kagua kwa `haproxy -c -f /etc/haproxy/haproxy.cfg`, kisha `systemctl reload haproxy`. Ukipiga `curl -I` kwenye tovuti yako, utaona `Set-Cookie: SEVA=w1` au `w2`.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, web1 ikizimika, aliyekuwa humo inakuwaje?*
`redispatch` itampeleka web2, ila sesheni yake imebaki kwenye faili za web1, kwa hiyo ataingia upya. Panapohusika pesa za watu, hamishia sesheni kwenye Redis, hifadhi ya data ya pamoja ambayo seva zote mbili zinaisoma. Hapo kuki inabaki kusaidia kasi tu.

*Nginx na `ip_hash` je, si yaleyale?*
Nginx nayo inaweza kugawa maombi, na `ip_hash` yake hufuata IP ya mteja, ila ni mbaya zaidi kwa simu. Kwa IPv4 huangalia namba tatu za mwanzo tu, hivyo `10.5.7.1` na `10.5.7.200` huenda seva moja.

*Kaka, huduma yetu ni TCP tupu, kuki hakuna.*
Basi IP haikwepeki. Weka `stick-table type ip size 200k expire 30m`, chini yake `stick on src`. Tofauti na `balance source`, ukiwa na `balance roundrobin` mteja mpya hugawiwa kwa zamu, halafu jedwali linakumbuka alikopelekwa.