Kuchagua Rangi ya Bati kwa Nyumba ya Matofali ya Kuchoma

Anayepanda kilima cha Bugando asubuhi, kisha akageuka kuutazama mji, huona mapaa kabla hajaona kuta. Mwanza imejengwa juu ya vilima na miamba, kwa hiyo paa la nyumba iliyo bondeni halionwi na wapita njia peke yao, bali pia na jirani aliyejenga juu zaidi, ambaye atalitazama kila anapofungua dirisha lake. Pamoja na hayo, watu wengi hutumia miezi kadhaa kutafuta tofali zuri na fundi mwaminifu, halafu rangi ya bati wakaichagua kwa dakika kumi mbele ya kaunta, wakati lori la kubebea mzigo linasubiri nje likiwa limekwisha kuwashwa.

Maelezo haya yanamhusu mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aliyeamua kuyaacha wazi. Anayekusudia kupiga plasta ana uhuru mkubwa, maana ukuta wake utapokea rangi yoyote na unaweza kubadilishwa baada ya miaka michache kwa ndoo kadhaa za rangi. Mwenye tofali lililo wazi hana uhuru huo; rangi ya ukuta wake imekwisha kuamuliwa na udongo na moto, na kazi iliyobaki ni kulitafutia tofali hilo paa litakaloliheshimu. Kwa hiyo usianzie dukani. Anzia ukutani.

Wekundu wa tofali hutokana na chuma kilichomo kwenye udongo, ambacho hugeuka kuwa oksidi nyekundu kinapopata moto na hewa ya kutosha. Katika matanuru yetu ya kupanga matofali na kuwasha moto chini, joto haliwi sawa kila mahali: tofali lililokaa karibu na mdomo wa moto huiva sana, likatoka na rangi ya damu ya mzee au hata weusi wenye zambarau kwa mbali, ilhali lile la pembeni hutoka na rangi ya chungwa iliyopauka. Ndiyo maana ukuta mmoja huwa na rangi tatu au nne, na ndiyo maana kuchukua tofali moja mkononi na kwenda nalo dukani hakutoshi. Rudi nyuma hatua ishirini, finya macho kidogo mpaka mistari ya matofali ipotee, kisha ujiulize ni rangi gani inayobaki. Utashangaa kuona kuwa jibu mara nyingi si nyekundu. Viungo vya saruji kati ya matofali yetu, ambayo hayalingani sana kwa umbo, huwa vipana, na kijivu chake huchanganyika na wekundu machoni mwa mtazamaji aliye mbali, hivyo ukuta ukaonekana wa hudhurungi, wa chungwa au wa waridi uliofifia kutegemea wingi wa saruji.

Kisha mwagia ukuta maji. Hili ni jambo dogo ambalo sijaona likifanywa na wengi, nalo lina faida kubwa. Katika mwambao wetu mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba na masika hufuata Machi hadi Mei, na mara nyingi radi na mvua hutujia kutoka ziwani usiku au alfajiri, hivyo kwa sehemu nzuri ya mwaka nyumba yako itaonwa asubuhi ikiwa imelowa. Tofali lililolowa hukolea sana, wakati bati la rangi halibadiliki kwa maji isipokuwa kung'aa. Chukua ndoo moja, mwagia eneo la mita moja hivi, na ulitazame likiwa limelowa na likiwa kavu. Rangi ya paa unayoitafuta lazima ipatane na hali zote mbili.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, ambalo nalijua kwa sababu nililifanya. Nilipokuwa napaua nyumba yangu Buswelu, ukuta ulikuwa wa rangi ya chungwa iliyopauka, nami nilitaka paa na ukuta vifanane. Muuzaji alinionyesha bati jekundu wanaloliita rangi ya tofali, akaniambia kwamba tofali huendana na rangi ya tofali. Hoja hiyo ilinitosha. Siku fundi alipofunga kofia ya mwisho, yaani bati linalofunika mgongo wa paa, na kushuka ngazi, nilisimama barabarani nikaona ukuta wangu umekuwa kama umechafuka. Bati lilikuwa jekundu safi, lililosawazishwa na kiwanda, na kando yake tofali lilionekana bichi, kana kwamba lilitolewa kwenye tanuru kabla ya wakati. Hakuna kilichobadilika kwenye tofali. Jirani yake ndiye aliyebadilika.

Jambo hili lina maelezo ya zamani. Mkemia Mfaransa Chevreul, aliyesimamia kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazikolei. Alipozipima aliona hazina kasoro, bali rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizozififisha machoni, na mwaka 1839 akachapisha maelezo marefu kuhusu namna rangi mbili zinazopakana zinavyobadilishana sura. Mwenye nyumba anaweza kulishika somo hilo hivi: rangi mbili zinazokaribiana bila kulingana hushindana, na ile iliyo safi zaidi huifanya nyingine ionekane na dosari. Bati la kiwandani siku zote litakuwa safi kuliko tofali la tanuru. Usiliweke kwenye mashindano hayo.

Badala ya kufananisha, tofautisha kwa kukolea. Ukuta ukiwa umepauka, paa likolee waziwazi. Ukuta ukiwa umekolea, paa ama likolee zaidi na kupoteza wekundu, ama lishuke likawa jepesi. Kwa tofali la chungwa lililopauka, ambalo ndilo nililo nalo mimi na wengi wa majirani zangu, rangi ya chokoleti ndiyo ninayoipendekeza kwanza, kwa kuwa ina asili ya joto kama tofali lakini imeshuka mbali nalo, na macho hayapati nafasi ya kuzilinganisha. Damu ya mzee inafaa tofali lililopauka pia, mradi iwe nzito kweli. Ile nyepesi hurudi kwenye wekundu na kukuletea yaliyonipata. Kwa tofali jekundu lililoiva, kijivu cha mkaa hupendeza sana, na hapa Mwanza kina faida ya ziada, kwamba nyuma ya nyumba nyingi kuna majabali ya itale yenye kijivu chake, hivyo paa huonekana limetoka mahali pale pale. Lakini vijivu si vya aina moja. Viko vyenye ubuluu ndani na viko vyenye uhudhurungi, na dukani vyote huonekana sawa mpaka uweke sampuli juu ya karatasi nyeupe. Kwa tofali, chukua kile chenye uhudhurungi. Chenye ubuluu hulifanya tofali lipige kelele.

Kwa sababu hiyo hiyo siliungi mkono paa la buluu juu ya tofali lililo wazi, ingawa najua wengi waishio kandokando ya ziwa hulipenda. Buluu na chungwa ni rangi zinazokabiliana, kila moja huichochea nyenzake, na nyumba haitulii machoni. Paa la buluu likae juu ya ukuta mweupe, huko ndiko linakopendeza. Kijani ni suala jingine: kijani kizito cha majani ya mwembe, juu ya tofali jekundu sana na katika kiwanja chenye miti, ni chaguo la heshima, ila kijani cha kung'aa hakiruhusu chochote kingine kionekane.

Kuna suala la joto ambalo haliwezi kupuuzwa. Jiji letu liko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na katika miezi mingine huinama kidogo kaskazini au kusini. Hakuna upande wa paa unaopona. Rangi iliyokolea hunyonya mwanga mwingi zaidi. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba paa la kawaida lililokolea linaweza kufikia nyuzi 65 za Sentigredi au zaidi kwenye jua kali la kiangazi. Je, basi tuchague bati jeupe? Kwa nyumba isiyo na dari, ningesema ndiyo bila kusita, au angalau rangi ya maziwa au kijivu chepesi, ambazo juu ya tofali lililoiva sana hazina ubaya wowote. Kwa nyumba yenye dari, matundu ya kupitisha hewa kwenye pembetatu za kuta na karatasi ya kung'aa iliyotandikwa chini ya bati, joto la rangi iliyokolea linaweza kudhibitiwa, na upepo wa ziwa husaidia alasiri. Viko pia viwanda vinavyotumia rangi zilizochanganywa ili zirudishe sehemu ya mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, hivyo bati la chokoleti la aina hiyo hupata joto dogo kuliko chokoleti ya kawaida. Uliza kama lipo.

Jua hilo hilo ndilo linalopausha. Nyekundu na buluu za kung'aa ndizo zinazosaliti mapema, na nyekundu ikichuja huelekea kwenye waridi, jambo ambalo juu ya tofali ni la kusikitisha. Chokoleti na vijivu huzeeka kwa staha. Ongeza hapo vumbi la Juni hadi Agosti kwa waliojenga kando ya barabara zisizo na lami, ambalo huonekana zaidi kwenye bati jeusi na kwenye bati jeupe kuliko kwenye rangi za katikati. Na walio karibu na mwalo wa Kirumba hawahitaji kuambiwa kuhusu korongo: juu ya paa jeusi, kinyesi chao husomeka kutoka mbali.

Ukishabakiza rangi mbili au tatu, omba vipande vya bati halisi, si kadi ya rangi, kila kimoja kisipungue urefu wa mkono. Duka nyingi hukubali ukiacha fedha kidogo ya dhamana. Viegemeze ukutani kwa mwinamo utakaokuwa wa paa, kwa kuwa bati lililosimama wima halipokei mwanga kama lililolala, na vitazame saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Taa za dukani hudanganya. Nimewahi kuona chokoleti iliyotoka dukani ikiwa chokoleti, ikafika nyumbani ikawa na zambarau ndani yake mara ilipoegemezwa kwenye tofali. Fahamu vilevile kwamba rangi kwenye kipande kidogo huonekana imekolea kuliko itakavyoonekana paa zima likipigwa na jua, hivyo ukisita kati ya mbili zinazofuatana, chukua iliyokolea zaidi. Kwa bati la vigae lenye chembechembe za mawe, simama mbali kidogo, kwa sababu chembe zake huwa za rangi kadhaa na macho ndiyo yanayozichanganya. Aina hiyo hukubaliana na tofali kwa urahisi, maana nayo haiko sawasawa kila mahali.

Jina la rangi lisikutoshe. Chokoleti ya kiwanda kimoja si chokoleti ya kingine. Uliza namba, hasa ya mfumo wa RAL wa kutambulisha rangi kwa namba, ambao ulianzishwa Ujerumani mwaka 1927 na hutumiwa na watengenezaji wengi: 8017 ni hudhurungi ya chokoleti, 7016 ni kijivu kizito, 3005 ni damu ya mzee, 3009 ni nyekundu ya kutu. Hakikisha namba hiyo imeandikwa kwenye risiti pamoja na geji ya bati, yaani unene wake.

Kabla ya kulipa, fikiria pia vitu vinavyokaa kati ya paa na ukuta, kwa kuwa ndivyo vilivyoniokoa mimi. Baada ya majuto ya wiki kadhaa, nilipaka lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, rangi ya maziwa kuzunguka nyumba yote, nikapaka fisha bodi, yaani mbao za ukingo wa paa, chokoleti. Mkanda ule mweupe ulitenganisha bati jekundu na tofali, macho yakapata mahali pa kupumzika, na ugomvi ukapungua kwa kiasi cha kuvumilika. Kama ningechagua vizuri tangu mwanzo, lenta ningeiacha na rangi ya zege. Gata za kukinga maji ya mvua zifuate rangi ya fisha bodi, na fremu za madirisha zisiongeze rangi ya nne.

Mzigo ukifika, usimruhusu fundi apandishe hata bati moja kabla hujayatandaza machache chini, juani, kutoka mwanzo, katikati na mwisho wa rundo, pamoja na kofia. Kofia mara nyingi hukatwa kwenye roli (bati lililoviringwa kiwandani) tofauti na ile ya bati zake, na tofauti ndogo isiyoonekana dukani huwa mstari kamili juu ya paa. Agiza bati mbili za ziada kutoka rundo hilo hilo, uzihifadhi kivulini zikiwa zimesimama na kutenganishwa kwa vijiti ili maji yasikae katikati, na nyuma ya moja andika namba ya rangi kwa kalamu isiyofutika.