Komredi akikamatwa: kazi ya sisi tunaobaki nje

Mimi nashona sare za shule Mlango Kubwa, hapa Mathare, na ndiye mweka hazina wa kikundi chetu cha kusoma. Jumapili mchana tunakaa kwenye viti vya plastiki tukijadili mishahara, kodi ya nyumba na bei ya mtungi wa maji. Siku za maandamano mimi huwa sitoki. Nabaki na simu iliyojaa chaji na daftari, kwa sababu lazima mmoja abaki. Naandika haya kwa ajili ya huyo mmoja wa kikundi chenu.

Kazi inaanza jana yake. Chukua karatasi, maana simu hunyang'anywa, na umwandike kila anayetoka: majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya mtu wa nyumbani, dawa anazotumia, na nani ana ufunguo wa nyumba yake. Majina ya kitambulisho nayasisitiza. Tarehe 18 Juni 2024, Jumanne ya kwanza ya kupinga Mswada wa Fedha, watu zaidi ya 200 walikamatwa Nairobi, na mmoja alikuwa wetu. Kwa miaka miwili tulikuwa tumekula naye, tumezika naye, na hakuna aliyejua jina lake ila la utani. Tulizunguka vituo vitatu. Kwenye kituo cha pili afande alipitisha kidole kwenye OB, daftari la matukio la kituo, akatuambia huyo hayupo. Alikuwa ndani, mlango wa pili kutoka kaunta, akitusikia. Watu wote wakisharudi salama, choma hiyo karatasi.

Simu ikiingia, uliza mambo matatu kwanza: yuko kituo gani, ameumia, kuna nani mwingine naye. Maneno ya pole yatapata nafasi baadaye. Simu ya kuazima seli hukatika haraka. Mpigie wakili, halafu mama yake. Mama asisikie habari kwenye redio. Mwite kwa heshima, umwambie unachokijua, na usimwahidi kwamba mwanawe atalala nyumbani leo.

Kituoni nendeni wawili, waliovaa kawaida, bila fulana za kikundi. Salimia. Omba namba ya OB na uiandike pamoja na saa, jina la aliyekuhudumia na kosa lililoandikwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuzungumza na wakili, na lazima afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, husubiriwa siku inayofuata ya kazi. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa jioni mhesabie hadi Jumatatu, na upange chakula cha siku tatu.

Chakula chenyewe: chapati na maharagwe yenye mchuzi kidogo, ndani ya kontena laini, bila kijiko cha chuma. Huenda ukaambiwa uonje mbele yao. Onja bila kinyongo. Peleka cha watu wanne hata kama wako ni mmoja, kwa sababu seli haina mtu anayekula huku wenzake wakimtazama, na wale wengine ndio watakaomlinda usiku. Ongeza maji, sweta nzito isiyo na kamba na malapa, maana viatu na mkanda huvuliwa mlangoni na sakafu ni baridi. Kwa wanawake peleka pedi bila kungoja kuombwa. Dawa ziende kwenye pakiti yake yenye jina, na mwambie afande ni za saa ngapi. Tuna komredi mwenye pumu aliyekaa usiku mzima bila pampu yake kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwingine ameipeleka. Tangu hapo dawa ina mtu wake mmoja, na jina lake linaandikwa.

Sasa pesa. Pesa za mchango ziingie kwenye namba moja ya M-Pesa, lakini daftari lisomwe na watu wawili. Kila jioni tuma kwenye kundi: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimefanya nini. Anayetuma shilingi 50 asomewe sawa na anayetuma 5,000. Wa hamsini mara nyingi amelala bila mboga ili aitume. Ukilipa dhamana kituoni, dai risiti. Hela isiyo na risiti ni hongo, na mchango wa makomredi si wa hongo hata kama mna haraka kiasi gani. Risiti ya dhamana itoke kwa jina la mtu mtakayempata mwaka ujao, maana kesi ikiisha hela hurudishwa kwa mwenye jina hilo. Sisi tuliwahi kuiandikisha kwa jina la jirani mwenye moyo mzuri. Kesi ikaisha, jirani akawa amehamia Bungoma na namba amebadilisha. Zile elfu ishirini hatujaziona.

Wakati huohuo kuna nyumba. Watoto wanatoka shule saa kumi. Kibanda chake cha mboga kina sukuma zinazonyauka. Mtu aende akaziuze, hela ampelekee mkewe au mumewe. Mwajiri apigiwe kabla hajamwandika mtoro. Mwenye nyumba naye azungumziwe mapema. Hizi ndizo kazi ninazozipenda zaidi, na wanaozijua vizuri ni akina mama wa ploti, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga mkutano wetu. Waombeni.

Siku ya kwanza mahakamani mtajaa. Hakimu ataona benchi zote zimekaliwa, na komredi akipanda kizimbani atainua uso. Kisha kesi itatajwa tena mwezi ujao, na mwingine, na mwingine. Kufikia mara ya nne ni mimi, wakili na mama yake. Hapo ndipo watu wetu hupotea, na najua sababu: siku ya kibarua ikipotea hailipwi, na nauli imepanda. Ndiyo maana tunaweka zamu. Wawili kila tarehe, nauli na chai kutoka kwenye mchango.

Mwaka wa 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park, kwenye pembe iliyoitwa Freedom Corner, wakiwa na Wangari Maathai, wakidai wana wao. Mwezi Machi polisi wakawapiga na kuwafukuza. Wakahamia All Saints Cathedral, wakaendelea kukaa hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa, mapema 1993. Mama mmoja wa ploti yetu alikuwa akiwapelekea uji. Yeye ndiye huandika zamu zetu, na hajawahi kukosa tarehe.

Akitoka, asipokelewe kwa hotuba. Maji ya moto, sabuni, ugali, alale. Wiki ya pili mtu mmoja aende amwulize usingizi ukoje, tena waongee wawili tu, mlango umefungwa. Usimwulize atarudi lini barabarani.

Malapa na sweta virudishwe kwangu. Huvifua na kuviweka kwenye begi jeusi nyuma ya cherehani. Kesi ijayo inatajwa mahakama ya Makadara tarehe 14 saa tatu asubuhi, na zamu bado inahitaji mtu mmoja.