Jinsi ya kupata makala kamili za majarida kupitia maktaba ya chuo bila kutoa hela

Unasachi Google, unakuta makala inayokufaa kabisa, unabonyeza, unaletewa ikisiri ya aya moja tu na chini yake bei ya dola. Usishtuke na wala usitoe kadi ya benki. Kuna uwezekano mkubwa chuo chako kishalilipia hilo jarida, sema tu tovuti ya mchapishaji haijui wewe ni wa chuo gani, imekuona mpita njia. Kazi yako ni kuifanya ikutambue.

Ukiwa kampasi hata huhitaji kuhangaika, sababu tovuti inaangalia anwani ya IP ya mtandao wa chuo, ikiijua inakufungulia bila kukuuliza jina. Shida inaanza ukiwa nyumbani na bando lako. Hapo ingilia mlango wa maktaba: fungua tovuti ya maktaba ya chuo, nenda palipoandikwa databesi (yaani makusanyo ya makala na majarida) au majarida ya mtandaoni, bonyeza databesi unayoitaka kutokea hapohapo, itakuomba jina na nywila yako ya chuo. Vyuo vingine vinakutaka uwashe VPN kwanza, yaani programu inayokuunganisha na mtandao wa chuo ukiwa mbali, hiyo utaikuta kwenye maelekezo yao.

Ukishaingia tupia jicho anwani iliyo juu kwenye brauza. Kama chuo kinatumia proksi, yaani seva ya maktaba inayokupitisha mpaka kwa mchapishaji, na umefungua databesi ya JSTOR, utaona kitu kama www-jstor-org halafu inafuatia anwani ya maktaba yenu, yaani nukta za anwani ya JSTOR zimegeuka vistari. Ukiona hivyo, uko ndani. Vyuo vingine havitumii proksi kwa hiyo anwani haibadiliki, basi angalia juu au chini ya ukurasa kama jina la chuo limeandikwa. Kama halipo popote, huenda bado uko nje, hata kama nywila yako ilikubali kule maktaba, rudi uanze tena.

Sasa kutafuta kwenyewe. Kama supavaiza kakupa rejea tayari, jifunze kuisoma, maana ukiona 12(3), 45–60 ujue 12 ni juzuu, 3 ni toleo na hizo nyingine ni kurasa. Kizuri zaidi ni DOI, namba ya utambulisho ya makala, ile inayoanza na 10. ikifuatiwa na tarakimu na mkwaju. Andika https://doi.org/ kisha ibandike mwishoni mwake, itakupeleka kwenye makala yenyewe. Ila ukiikopi kutoka kwenye orodha ya marejeo angalia mwisho wake, mara nyingi inakuja na nukta ya kumalizia sentensi, na hiyo nukta inatosha kukuletea ujumbe kwamba DOI haipo! Ikiwa imekatika katikati ya mistari miwili, nafasi iliyoingia hapo nayo ifute.

Tatizo la DOI ni kwamba inakupeleka kwa mchapishaji moja kwa moja, kwa hiyo ukiwa nje ya kampasi unaweza kukutana na ileile bei. Ndio maana mimi napenda orodha ya majarida ya A mpaka Z ya maktaba. Pale unatafuta jina la jarida, sio la makala, hapa ndipo watu wengi wanapotea, wanaandika kichwa cha makala wanaambiwa hakuna kitu wanakata tamaa. Jarida likitokea usikimbilie kubonyeza, soma kwanza miaka iliyoandikwa pembeni. Jarida moja linaweza kuwa kwenye databesi tatu na kila moja ina miaka yake, hii imeanza 1998 ikaishia 2015, ile inaendelea mpaka leo isipokuwa miezi 12 ya mwisho, sababu mchapishaji kaweka kizuizi ili watu wanunue toleo jipya. JSTOR kwa mfano ni hazina ya matoleo ya zamani, lakini kwa majarida mengi miaka ya karibuni, kama mitatu mpaka mitano hivi, huikuti. Kwa hiyo makala ya mwaka jana ukiikosa JSTOR haimaanishi chuo hakina, cheki databesi nyingine.

Kama huna rejea, una mada tu, usiandike swali zima kama unaongea na mtu. Chukua maneno makuu mawili matatu, yale yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za kunukuu, maneno yenye maana moja yaunganishe kwa OR, na databesi nyingi ukiweka nyota (*) mwisho wa mzizi wa neno zinakuletea miisho yake yote. Pale pa kuchuja kuna kiboksi cha kuonyesha makala kamili peke yake. Wengi wanakitiki mwanzoni kabisa, mimi nashauri ukiache kwanza, maana kinakuficha makala ambazo hazimo kwenye databesi hiyo lakini chuo kinazo kwenye nyingine. Badala yake tafuta kitufe kidogo chini au pembeni ya kila jibu, mara nyingi kina jina la maktaba. Ukikibonyeza kinapita databesi zote za chuo kukuangalizia ilipo.

Google Scholar nayo unaweza kuiunganisha na chuo. Ingia kwenye mipangilio, chagua Library links, andika jina la chuo chako, tiki, sevu. Inakubali mpaka maktaba 5. Kuanzia hapo linki ya chuo itakuwa inatokea kulia kwa makala ambazo chuo kinazo.

Watu wa afya msichanganye PubMed na PubMed Central. PubMed inakupa ikisiri na linki, makala kamili za bure ziko kwenye hiyo ya pili.

Ikishindikana kote huko, angalia kama kuna nakala huria. Weka Unpaywall, kiongezi cha bure, kwenye brauza, inakutafutia yenyewe, au pitia CORE na DOAJ, tovuti za kutafutia makala na majarida huria. Wakati mwingine utapata nakala ya mwandishi kabla mchapishaji hajaipanga, ni sawa kuisoma, ila kurasa zake haziendani na za jarida, usizinukuu. Na ukishapata njia usianze kudaunlodi toleo zima kwa mkupuo, wachapishaji wanagundua na wanaweza kufungia chuo kizima, mtakosa wote.

Mwisho kabisa kuna kuazimana kati ya maktaba, kitu ambacho wanafunzi hawakitumii kabisa sijui kwa nini. Unajaza fomu, maktaba yako inaiomba kwa maktaba nyingine yenye jarida hilo. Ukimwandikia mkutubi usimwambie tu "nimekosa makala", mpe DOI, jina la jarida, mwaka, juzuu na kurasa, na mtajie databesi ulizopitia, atakusaidia haraka maana anajua pa kuanzia. Ikifika kwa imeili ipakue siku hiyohiyo uisevu kwa jina la mwandishi na mwaka, sababu linki hizo mara nyingi zinaisha muda.