Samadi iliyokauka sio samadi iliyoiva

Wiki hii nimepita kwa wafugaji watatu mfululizo na kote nimekuta kitu kile kile, samadi imetandazwa nje ya banda juani, nyembamba kabisa kama mtu kaanika nafaka, na mwenyewe anaipitishia reki ili ikauke vizuri. Ukimuuliza anakwambia naiivisha hii, ikishakuwa nyepesi naibeba shambani. Jamani, hiyo haiivi. Hiyo inakauka tu na kila saa inayokaa pale juani inazidi kuwa makapi.

Ile harufu kali inayokuwasha pua na kukutoa machozi ukifungua banda asubuhi, hiyo ndio mbolea yenyewe inaondoka. Inaitwa amonia, ndani yake kuna naitrojeni, na naitrojeni ndio ile inayofanya majani yawe kijani. Mkojo wa ng'ombe ukishakutana na kinyesi chake, ndani ya masaa machache tu inaanza kutoka, jua likipiga inatoka haraka zaidi, upepo ukivuma ndio kabisa. Alafu mvua nayo ikinyesha juu ya hiyo samadi uliyoitandaza unaona yale maji ya kahawia yanatiririka kwenda mtaroni, yale yanaondoka na potasiamu, chakula kingine cha mmea. Kwa hiyo unachobeba kwenda shambani ni nyuzi nyuzi za majani zilizobaki. Ndio maana watu wanakuja kuniambia samadi haina nguvu siku hizi.

Na wengi wanazoa kinyesi tu, mkojo wanauacha upotelee ardhini. Hebu tupige hesabu pamoja. Ng'ombe mkubwa anakojoa kama lita 10 kwa siku, kila lita ina naitrojeni kama gramu 6 hivi, inategemea anakula nini, kwa mwaka ni karibu kilo 22. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Yaani ng'ombe mmoja anakupa karibu mfuko mzima kwa mkojo peke yake, unauacha uende, alafu unaenda dukani kununua mfuko mwingine. Na huo wa dukani umetengenezwa kwa gesi asilia iliyochimbwa chini ya ardhi, fosfeti nayo, ile mbolea nyingine ya dukani, inachimbwa kwenye miamba na sehemu kubwa ya akiba yake inayojulikana duniani iko Moroko. Vinachimbwa, vinavuka bahari, vinafika shambani kwako, mmea unavila, ng'ombe anakula mmea, na pale pale ambapo vilitakiwa virudi kwenye udongo ndipo wewe unavianika juani. Watu wanazungumzia uchumi wa mzunguko, yaani kitu kilichotumika kirudi kutumika tena, kama jambo la viwandani, mimi nakwambia huo mzunguko unakatikia hapo nyuma ya banda lako.

Sasa fanya hivi. Weka malalo bandani, mabua makavu au majani makavu uliyokatakata vipande vya sentimita 5 mpaka 10, yawe mengi kiasi kwamba ukikanyaga buti lisitoe maji. Malalo ndio yanakunywa mkojo. Mabua mazima mazima hayanywi kitu usijidanganye. Kila asubuhi zoa vyote kwa pamoja, kinyesi na malalo yaliyolowa, peleka kwenye lundo na ufunike hapo hapo, sio ukimaliza kazi nyingine, sio jioni.

Lundo likae kivulini, sakafu yake uishindilie vizuri, iinuke kidogo ili maji ya mvua yapite pembeni, na kutoka kisimani iwe angalau mita 30. Upana mita 1.5 mpaka 2, kimo mita 1 mpaka 1.5. Nasisitiza vipimo kwa sababu lundo dogo la kufika gotini halipati joto, na lundo refu kukuzidi wewe linakosa hewa chini linaanza kunuka. Juu funika na udongo sentimita 5 au turubai au majani makavu mengi. Unyevu pima na mkono, kamata konzi moja kamua kwa nguvu, likitoka tone moja au mawili ndio sawa, likichuruzika ongeza makavu, likimeguka kama vumbi mwagia maji.

Siku ya tano chomeka fimbo katikati, iache dakika kumi, ichomoe uishike ile sehemu iliyokuwa ndani. Iwe ya moto kiasi unataka kuiachia. Joto linalotakiwa ni nyuzi 55 mpaka 65, hilo ndilo linaua mbegu za magugu na vijidudu, na jua la juu juu haliwezi kufanya kazi hiyo hata ukianika mwezi mzima. Geuza lundo wiki ya 3 na tena wiki ya 6, za nje ziende ndani, ufunike tena, uache mpaka itimize miezi mitatu tangu ulipoanza. Mara mbili inatosha! Kuna watu wanageuza kila baada ya siku mbili wakidhani ndio bidii, kila ukifungua unairuhusu amonia iruke.

Na jivu. Nawaomba sana, msimwage jivu wala chokaa kwenye lundo. Mnasema linapunguza harufu lakini linachofanya ni kuifukuza amonia kwa kasi, samadi inabaki haina kitu. Jivu ni zuri, lipeleke shambani peke yake siku nyingine.

Shambani napo kosa ni lile lile kwa sura nyingine. Mtu amefanya yote vizuri miezi mitatu, alafu anamwaga samadi vichungu vichungu juu ya udongo saa nne asubuhi na kuiacha wiki nzima akisubiri vibarua. Beba ile tu utakayoifukia siku hiyo hiyo, ukiweza ndani ya masaa mawili matatu, jioni ni bora kuliko mchana, kina cha sentimita 10 mpaka 15. Kipimo ni kilo 1 kwa mita moja ya mraba, sawa na tani 10 kwa hekta, ndoo ya lita 20 ikijaa samadi iliyoiva ni kilo 10 mpaka 12 hivi kwa hiyo itakutosha mita za mraba 10 hivi. Fanya hivyo wiki mbili kabla ya kupanda.

Ikiiva utaijua, nyeusi, inanukia kama udongo baada ya mvua na mabua huyaoni tena.

Kuhusu uzito, maana najua wengi mnaanika kwa sababu ya mgongo na toroli, na ni sababu ya kweli kabisa. Lundo likiiva vizuri linashuka lenyewe mpaka karibu nusu ya lilivyokuwa, unaliona kwa macho tu. Kwa hiyo safari zitapungua bila kuanika.