Namna ya Kulinganisha Spika Ndogo za Monita kwa Usikilizaji wa Nyumbani

Anayetafuta spika ndogo ya monita, yaani iliyoundwa kuonyesha sauti ilivyo, ya hali ya juu kwa ajili ya sebule hukutana mapema na majina matatu kutoka Uingereza: LS3/5A, Harbeth P3ESR na KEF LS50 Meta. Zote ni nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja, zote ni ghali kuliko umbo lake linavyoashiria, na kila moja ina watu wanaoapa kwamba haina mfano. LS3/5A ndiyo ya kale zaidi. Ilibuniwa na wahandisi wa BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo nafasi ni finyu na fundi mitambo alihitaji kujua, bila kutegemea hedifoni, kama sauti ya mtangazaji inasikika ilivyo. Kwa sababu hiyo naamini kwamba ulinganishaji wa spika za jamii hii uanzie kwenye sauti ya mtu anayezungumza, na muziki ufuate baadaye.

Kabla ya kusikiliza chochote, sawazisha ukubwa wa sauti, kwa kuwa sikio huipendelea spika inayosikika kwa nguvu zaidi, hata kama tofauti ni ndogo kiasi kwamba msikilizaji hatambui kuwa ni ya nguvu tu. LS3/5A hutoa takribani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 82 au 83 kwa volti 2.83 katika umbali wa mita moja, P3ESR hutoa 83.5, na LS50 Meta hutoa 85. Ukizibadilisha bila kugusa kitufe cha sauti, KEF itaonekana kuwa na uwazi zaidi na besi nzito zaidi, na utaisifu kwa ubora ambao pengine haina. Cheza mvumo wa majaribio unaobeba masafa yote, yaani sauti nzito hadi nyembamba kabisa, uitwao pinki noizi, weka simu yenye programu ya kupima desibeli pale kichwa chako kitakapokuwa, kisha rekebisha hadi spika zipishane kwa chini ya nusu desibeli. Programu hizo hukosea mara nyingi katika kiwango halisi, lakini kwa kazi ya kulinganisha hilo halidhuru. Bandika utepe mwembamba kwenye amplifaya na utie alama mahali kitufe cha sauti kinapokaa kwa kila spika, ili usipime upya kila unapobadilisha nyaya. Amplifaya izimwe kwanza kabla ya nyaya kuguswa.

Kila spika isimame mahali palepale, juu ya stendi ileile, twita (kipaza kidogo cha sauti nyembamba) ikiwa usawa wa masikio yako unapoketi. Jambo hili lina uzito zaidi kwa LS3/5A na P3ESR kuliko kwa KEF, ambayo twita yake imewekwa katikati ya koni kubwa, hivyo sauti haibadiliki sana ukiinuka kidogo. LS3/5A isikilizwe ikiwa na kitambaa chake cha mbele, kwa maana wahandisi walikihesabu kama sehemu ya spika. Wanaokivua kwa kudhani wanapata uwazi zaidi wanasikiliza spika nyingine. Kuhusu ukuta, LS50 Meta ina tundu la hewa kwa nyuma ilhali hizo mbili zimefungwa kabisa, kwa hiyo umbali unaoifaa moja huenda usiifae nyingine. Jaribu kila moja katika umbali wa nusu mita na tena katika mita moja, kisha uihukumu kwa pale ilipofanya vizuri.

Chumba nacho kina neno lake. Chumba chenye upana wa mita 3 huchochea mvumo wa karibu Hz (mitetemo kwa sekunde) 57, na tena wa karibu Hz 114. Sauti ya LS3/5A imeinuliwa kidogo juu ya Hz 100 ili boksi dogo lionekane kuwa na besi, na mwinuko huo ukikutana na mvumo wa pili wa chumba, sauti ya mwanamume huwa nzito mno. Katika nyumba zetu zenye kuta za saruji na sakafu ya vigae, zulia nene na pazia zito hubadilisha mambo kuliko waya wa bei kubwa.

Sasa fika kwenye sauti ya binadamu. Wahandisi wa BBC walikuwa wakimsikiliza mtu akizungumza ana kwa ana na kuilinganisha sauti yake na ile iliyotoka kwenye spika, na njia hiyo inawezekana nyumbani. Mrekodi mwenzako akisoma kurasa chache, maikrofoni ikiwa angalau sentimita 50 kutoka mdomoni, kwa sababu maikrofoni nyingi zikisogezwa karibu huongeza besi isiyokuwepo. Chagua chumba chenye vitambaa vingi, kisichorudisha mwangwi. Kisha aketi kando ya spika na asome sentensi ileile mara baada ya rekodi kunyamaza. Tumia spika moja tu, si jozi, kwani upana wa stereo huficha kasoro nyingi. Sikiliza herufi "s" na "sh": zikichoma, twita imezidi. Sikiliza "o" na "u" za sauti nene: zikitoka kana kwamba msemaji ameingiza kichwa ndani ya mtungi, boksi linaitikia. Mwombe mtu mwingine azibadilishe spika nyuma ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, usijue ipi ni ipi, na uandike unachosikia kabla ya kuuliza.

Muziki ufuate, na uwe ule unaoujua kwa undani. Taarabu ya kikundi kizima inafaa sana: kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, huonyesha kama mdonoo wa uzi una mwanzo safi, fidla huonyesha ukali, na kodiani ikiingia pamoja na waimbaji utasikia kama kila kimoja kinabaki mahali pake. Usitarajie mtikisiko wa sabufa. Spika hizi huanza kupungua nguvu kabla besi haijashuka hadi Hz 50, na ukilazimisha LS3/5A kupiga besi nzito kwa sauti ya sherehe, koni yake ndogo hufika mwisho wa mwendo wake.

Amplifaya iwe ileile kwa zote. LS50 Meta huandikwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 8 lakini hushuka hadi omu 3.5 katika baadhi ya masafa, kwa hiyo amplifaya dhaifu inaweza kuionea bure. Ukinunua LS3/5A iliyotumika, hakikisha zote mbili ni za toleo moja, maana za awali ni za omu 15 na zilizofuata mwishoni mwa miaka ya 1980 ni za omu 11, na jozi iliyochanganywa haitaweka mwimbaji katikati hata ukiisogeza namna gani. Mwisho, ikiwa muuzaji anaruhusu, zisikilize nyumbani usiku kwa sauti ya chini, kwani spika ambayo maneno yake yanabaki wazi katika kiwango hicho ndiyo utakayoitumia kila siku.