Nyamazisha intarapti kabla hujaondoa draiva ya Linux

Ukiondoa draiva (programu inayoendesha kifaa) huku kifaa bado kinaita kwa intarapti, yaani ishara ya kuomba kuhudumiwa, keneli (kiini cha Linux) itakimbilia fanksheni au kumbukumbu ambayo haipo tena. Draiva yangu ya kadi ya PCI ilipita rmmod (amri ya kuondoa draiva) salama kila nilipoijaribu kadi ikiwa imetulia. Siku nilipoiondoa data ikiwa inamiminika, mashine iliganda papo hapo. Kosa lilikuwa mpangilio tu. Sasa ndani ya remove(), fanksheni ambayo keneli huiita draiva inapoondolewa, naandika hivi:

```
writel(0, d->regs + IRQ_MASK);
readl(d->regs + IRQ_MASK);
free_irq(d->irq, d);
cancel_work_sync(&d->work);
pci_free_irq_vectors(pdev);
kfree(d->buf);
```

Hatua ya 1: funga mdomo wa kifaa chenyewe. Kwenye kadi yangu sifuri katika maski ya intarapti (IRQ_MASK) maana yake nyamaza. Nyingine ni kinyume, kwa hiyo soma mwongozo wa kifaa chako. Mstari wa readl usiuruke. Maandishi ya PCI (kama ya writel) huondoka kwa prosesa kabla hayajafika kwenye kadi, na kusoma ndiko kunakohakikisha yamefika. Usitumie disable_irq() badala yake: laini ya intarapti ikiwa ya pamoja na vifaa vingine, utawazimia na majirani.

Hatua ya 2: free_irq(). Husubiri mpokezi wa intarapti (fanksheni yako inayoihudumia) anayeendelea kwenye prosesa nyingine amalize. Basi usiiite ukiwa umeshika kufuli ambalo mpokezi naye analihitaji, mtangojeana milele. Kielekezi cha mwisho kiwe kilekile ulichokipa request_irq(), maana kwenye laini ya pamoja keneli hukutambua kwa hicho.

Hatua ya 3: futa kazi zilizoahirishwa, na taima kama zipo. Zifutwe baada ya free_irq(), la sivyo mpokezi atazipanga upya nyuma yako. Kama kazi hiyo huwasha tena maski, weka alama ya kuizuia mapema kabisa. Kumbukumbu iachiwe mwisho.

Kuwa mwangalifu sana na devm_request_irq(), toleo ambalo keneli hukuachilia intarapti yenyewe. Intarapti yake huachiwa remove() ikishamaliza, kwa hiyo kfree() yako inatangulia na mpokezi bado yu hai. Ita devm_free_irq() mwenyewe, au omba kumbukumbu nayo kwa devm kabla ya kuomba intarapti. Kuachia hufuata mpangilio wa kinyume.

Kujaribu: pakia na uondoe draiva mara nyingi kifaa kikiwa kazini, ukitazama /proc/interrupts. Washa pia CONFIG_DEBUG_SHIRQ (chaguo la wakati wa kujenga keneli). Kwenye laini ya pamoja, keneli humwita mpokezi mara moja zaidi wakati wa free_irq(), na kosa la mpangilio hujitokeza mezani kwako.