Somo: Jinsi ya Kukagua Mkondo wa Mto Maji Yanapopungua Kupita Kawaida

Somo hili linahusu mito inayoteremka kutoka Kilimanjaro na kukatiza barabara ya Moshi hadi Arusha, yaani Karanga, Weruweru na Kikafu, ingawa sehemu kubwa yake inafaa pia kwa mito ya Meru kama Themi na Nduruma. Vuli ikikosekana na jua la Januari na Februari likawa kali, mito hii huacha wazi mawe na mchanga ambao kwa kawaida hufunikwa na maji.

Hatua ya kwanza ni kujua maji yamekwenda wapi. Wengi huiruka kwa kudhani kwamba mto umekauka kwa kukosa mvua tu, kumbe huku kwetu mto unaweza kuwa na maji huko juu na kuwa mkavu huku chini, kwa sababu yameingizwa kwenye mifongo, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia mashamba, kwa zamu. Tafuta banio, yaani mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni kuingia mfongo, lililo juu ya sehemu unayotaka kukagua, uwaulize wanaolisimamia zamu inaisha saa ngapi, maana banio likifungwa maji hurudi mtoni. Hatari iliyo kubwa zaidi ni mvua ya mlimani, kwani mawingu yanaweza kumwaga maji juu ya msitu wakati mjini Moshi jua linawaka, na mafuriko yakakufikia bila tone hata moja kukudondokea. Maji yakigeuka rangi ya udongo, yakianza kuleta majani na vijiti, au ukisikia mngurumo kutoka juu, panda ukingo ulio karibu mara moja, wala usirudi kuchukua begi.

Hatua ya pili ni vifaa: gambuti, fimbo ndefu, tepu ya kupimia, daftari, simu ya kupigia picha na sumaku ndogo. Usiende peke yako.

Hatua ya tatu ni kushuka. Fimbo itangulie mguu, hasa penye tope laini lililokauka juu tu. Usiingie peku katika madimbwi yaliyobaki, kwa kuwa maji yaliyotuama hukaa konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na ukanda wa chini wa Moshi unajulikana kwa ugonjwa huo.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo kiini cha somo, ni kuusoma mto. Anza na kingo: takataka zilizonasa kwenye matawi na mizizi zinaonyesha mafuriko yaliyopita yalifika wapi, kwa hiyo pima kimo chake kutoka chini ya mkondo. Kisha tazama mawe bapa, ambayo huegemeana huku nyuso zake zikiinamia upande maji yanakotoka, kwa hiyo hata mkondo usipokuwa na tone la maji utajua mto ulikuwa unaelekea wapi. Penye kona, mchanga hujikusanya upande wa ndani, na upande wa nje ndiko kwenye kina kirefu na kingo zinazomomonyoka. Nyuma ya mawe makubwa utakuta mchanga mweusi mzito. Ukipitisha sumaku, sehemu yake itanata, kwa kuwa ni madini yenye chuma yaliyotoka kwenye miamba ya volkano. Nasema mapema kwamba hiyo si dalili ya dhahabu. Ukikutana na jiwe jeusi lenye fuwele kubwa za rangi ya kijivu, zenye umbo la kashata iliyokatwa mshazari, umeshika kipande cha lava ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kilicholetwa na maji, na kwa maoni yangu hakuna kitu kizuri kuliko hicho katika mito yetu.

Hatua ya tano ni kurekodi na kuacha. Piga picha ukiweka kalamu kando ya kitu ili ukubwa wake ueleweke, na uandike mahali kilipo kabla hujakigusa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, hivyo kigae au chombo kinachoonekana cha kale kiache hapo hapo na utoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Samaki waliokwama dimbwini tuwahamishe? (Mwanachama, Pasua)

Marahaba. Kambare waache, kwa sababu wanaweza kupumua hewa na kuvumilia maji machache. Wengine mnaweza kuwapeleka kwenye dimbwi kubwa la mto huo huo, asubuhi na mapema, mikono ikiwa imelowa. Msiwapeleke mto mwingine.

Mwalimu, mawe ya mto wetu yana ukoko mweupe. Ni chokaa? (Mwanachama, Usa River)

Mara nyingi ni magadi na chumvi nyingine zilizobaki maji yalipokauka. Maji mengi ya miteremko ya Meru yana floraidi nyingi, ile ile inayoyafanya meno kuwa ya kahawia, kwa hiyo msiukwangue kwa ajili ya kupikia wala kulambisha mifugo.

Kaka, hatua hizi zinafaa bwawa la Nyumba ya Mungu likipungua? (Mwanachama, Mabogini)

Hatua ya nne na ya tano zinafaa, dada, lakini ile ya kushuka haifai. Mito ya Kikuletwa na Ruvu huleta huko tope laini lenye kina kisichopimika kwa fimbo, na mamba wapo. Kagua ukiwa kwenye ardhi ngumu, ukiongozana na mvuvi wa hapo.